Baada ya Margherita, safari bado ni nusu

Wengi hupanda Rwenzori mara moja tu maishani. Yanayowakuta baada ya kilele yanafanana na yale yanayomkuta mchuuzi wa Mpondwe baada ya kuvuka na mzigo wake wa kwanza.

KASESE, Uganda

Mpaka wa Uganda na Kongo ambao wachuuzi wanaujua zaidi uko Mpondwe, kwenye mto Lhubiriha, pale ambapo malori husimama foleni na akina mama hupita wakiwa na mizigo kichwani kuelekea Kasindi. Lakini mtu akiufuata mpaka huohuo kuelekea kaskazini, ataona unapanda mlima. Unaufuata mto, unaacha mashamba ya kahawa na mihogo, unaingia msituni, na mwisho unafika kwenye kilele cha Margherita, mita 5,109 juu ya usawa wa bahari. Mstari huo uliwekwa na wakoloni, Waingereza na Wabelgiji, katika makubaliano ya mwaka 1910.

Kule juu hakuna forodha wala ofisi ya uhamiaji. Mtu akisogea hatua chache tayari yuko Kongo, na hakuna wa kumwuliza pasipoti. Ni kilele cha mlima wa tatu kwa urefu Afrika, baada ya Kilimanjaro wenye mita 5,895 na Mlima Kenya wenye mita 5,199. Watu hutoka mbali na kulipa fedha nyingi ili wasimame pale.

Wakishafika, hawakai. Baridi ni kali, upepo haupoi, na mawingu ya Rwenzori mara nyingi hufunga mlima kabla ya saa sita mchana. Picha zinapigwa, mikono inapeanwa, kisha mwongozaji anasema twende. Siku nne au tano za kupanda zimezaa dakika chache za kilele. Kinachoanza hapo hakiandikwi sana kwenye matangazo ya utalii, ingawa ndicho kinachoamua kama safari ilikuwa na maana.

Mara ya kwanza mtu hubebwa

Pwani ya Kenya, huko Diani, kuna mchezo wa kuruka kutoka kwenye ndege kwa parachuti. Anayeruka kwa mara ya kwanza harushwi peke yake. Hufungwa kwa mikanda kifuani mwa mwalimu, ndege ikapanda hadi mita 3,000 au zaidi, kisha wote wawili wakatoka mlangoni pamoja. Kwa nusu dakika au zaidi kidogo wanaanguka bila kizuizi, halafu mwalimu anafungua parachuti na kuiongoza hadi chini. Mgeni hupiga kelele, hucheka, hulia. Kazi yote imefanywa na mwenzake.

Akitaka kuendelea, ndipo elimu inapoanza. Lazima ajifunze kukunja parachuti, kusoma upepo, kuangalia saa ya urefu na kuamua mwenyewe wakati wa kufungua. Kwa kanuni za chama cha warukaji cha Marekani, leseni ya kwanza haitolewi mpaka mtu awe ameruka si chini ya mara 25.

Rwenzori hakuna parachuti, lakini kuna kamba. Asubuhi ya kilele, kabla ya mapambazuko, wapandaji hutoka kambi ya Elena, iliyo zaidi ya mita 4,500. Wakifika kwenye barafu wanafunga meno ya chuma chini ya viatu na kuunganishwa kwa kamba moja na mwongozaji. Mwongozaji ndiye anayejua ufa ulipo chini ya theluji. Ndiye anayejua kwamba njia ya mwaka juzi haipitiki tena kwa sababu barafu imerudi nyuma. Mpandaji akiteleza, kamba ndiyo inayomshika, na mwenye kamba ni mtu wa Ibanda au Kilembe ambaye amepita pale mara nyingi hata idadi imempotea.

Kanuni za hifadhi haziruhusu mtu kupanda bila mwongozaji. Juu ya hapo kuna wapagazi wanaobeba chakula, mahema, mafuta ya kupikia na begi la mgeni, na kuna mpishi anayeamka kabla ya wote. Kwa hiyo mtu anaposema amepanda Margherita, anasema kweli, ila ni kweli yenye watu wengi ndani yake.

Magoti hulipa deni

Wazee walisema mpanda ngazi hushuka. Katika mlima huu kushuka ndiko kunakochosha zaidi na ndiko kunakohitaji akili. Wakati wa kupanda mtu ana hamu na ana hofu, na vyote viwili humfanya awe mwangalifu. Akishagusa kilele, hamu imekwisha na hofu imepungua, lakini mawe yaleyale yenye utelezi bado yanamsubiri. Magoti yanaanza kuuma, vidole vya miguu vinagonga mbele ya kiatu, na usingizi unamvuta kwa sababu aliamka usiku wa manane.

Njia ya kuzunguka inayoanzia Nyakalengija hurudi kwa kupita maziwa ya Kitandara, pasi ya Freshfield, kambi ya Guy Yeoman na Nyabitaba. Katika sehemu nyingi za mlima kuna matope yanayofika magotini. Ndiyo maana gambuti za mpira, zilezile zinazouzwa kwenye masoko ya Kasese na Bwera kwa ajili ya shambani, zina thamani kuliko viatu vya bei mbaya vilivyonunuliwa Ulaya. Wageni wengi hulijua hilo siku ya pili ya safari.

Kuna faida moja ya kushuka ambayo haina mbadala. Mtu aliyepatwa na ugonjwa wa mwinuko, yaani kichwa kuuma sana, kutapika, kupumua kwa shida au kuchanganyikiwa, dawa yake kubwa ni kuteremshwa mara moja. Mwongozaji mwenye busara hamwachi mgonjwa kama huyo aendelee kupanda, hata kama amebakiza mita 200 na amelipa dola zake zote. Kumrudisha mgeni chini akiwa hai kabla ya kilele ni kazi iliyofanywa vizuri, ingawa mgeni anaweza kununa njia nzima.

Siku ya pili mjini

Anayeshuka mlimani hufika Kasese akiwa na nguo zinazonuka moshi na uso uliochomwa na jua la barafuni. Siku ya kwanza ni ya furaha: maji ya moto, chakula kingi, usingizi. Simu inashika mtandao na picha zinaruka kwenda kwa ndugu na marafiki.

Siku ya pili au ya tatu huja kitu kingine. Wapandaji mlima wanakijua, na warukaji wa parachuti wanakijua pia. Mwili uliokuwa umewekwa tayari kwa hatari kwa wiki nzima unaachiwa ghafla. Mtu anajisikia mtupu. Mambo ya kawaida, kama foleni ya benki au barua za kazini, yanaonekana madogo. Wapo wanaokosa usingizi, wapo wanaozungumza juu ya safari hadi wenzao wachoke. Hali hiyo kwa kawaida hupita yenyewe kwa siku chache, na si dalili ya wazimu.

Hapo ndipo mtu huchagua. Wa kwanza husema imetosha, akaning'iniza cheti ukutani na kuendelea na maisha yake, hana kosa. Wa pili hutaka kurudia utamu uleule haraka, akatafuta mlima mrefu zaidi au njia ya hatari zaidi, akiamini kwamba kilele kimoja kimemfanya kuwa mjuzi. Huyu ndiye anayeogopewa na waongozaji. Wa tatu anarudi nyuma kujifunza yale aliyofanyiwa: kufunga fundo, kusoma mawingu, kujua lini pa kugeuka.

Waliotangulia walikwenda wapi

Historia ya mlima huu ina mifano. Watu wa kwanza walioandikwa kufika Margherita walikuwa msafara wa mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, tarehe 18 Juni 1906. Wapagazi wa Kibakonzo waliwafikisha hadi kambi ya Bujongolo, na bila wao kusingekuwa na kambi. Kilele kilipewa jina la malkia wa Italia. Wenyeji tayari walikuwa na jina lao kwa theluji ya juu, Nzururu, na jina hilo ndilo lililozaa Rwenzururu.

Baada ya hapo Abruzzi hakutulia. Mwaka 1909 alikwenda K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, akashindwa kufika juu. Miaka yake ya mwisho aliitumia Somalia, alikoanzisha mashamba makubwa ya miwa, pamba na ndizi karibu na Jowhar. Yalikuwa mashamba ya kikoloni, na kazi ya kulazimishwa ilikuwa sehemu ya historia yake. Alifia hukohuko mwaka 1933. Nchi aliyozikwa, kama nchi alizopanda mpakani mwake, leo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa kuwa Somalia ilijiunga Machi 2024.

Wengine wawili walikuwa Waingereza waliokutana Kenya kama wakulima, Eric Shipton na Bill Tilman. Walipanda Mlima Kenya pamoja mwaka 1930, wakaja Rwenzori mwaka 1932. Walijifunza hatua kwa hatua, wakibeba mizigo midogo na kutegemea watu wachache. Mwaka 1934 waliingia bonde la Nanda Devi nchini India, ambalo wengi kabla yao walishindwa kulifikia, na mwaka 1936 Tilman alisimama juu ya kilele chake. Katikati ya hayo, mwaka 1933, alipotaka kurudi kwao alinunua baiskeli akavuka bara kutoka Afrika Mashariki hadi pwani ya Atlantiki. Milima hii ilikuwa darasa lao.

Wanaorudi juu wiki ijayo

Kwa mwongozaji wa Kibakonzo swali la nini kinafuata lina jibu fupi: kundi lingine, kama lipo. Miezi ya ukavu, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti, ndiyo yenye wageni. Miezi ya mvua mtu hurudi kwenye kahawa yake. Fedha ya mlima hulipa ada ya shule, mabati, mbuzi. Bakshishi ya mwisho wa safari, ile inayotolewa pale getini wakati mgeni amechoka na anataka kuoga tu, si jambo dogo kwa mpagazi.

Kazi hiyo hukatika kirahisi. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1991 na kuingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1994. Miaka michache baadaye, vita vya waasi wa ADF viliifunga, kuanzia 1997 hadi 2001. Juni 2019 wagonjwa wa Ebola waliovuka kutoka Kongo walitibiwa Bwera. Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa sababu ya korona. Juni 2023 waasi walishambulia Shule ya Sekondari Lhubiriha, Mpondwe, na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Habari kama hizo zinapomfikia mgeni aliye mbali, yeye hatofautishi Mpondwe na Nyakalengija. Mchuuzi na mpagazi hupata hasara ya chanzo kimoja, ingawa hawajawahi kuonana.

Ndiyo maana anachokisema mpandaji baada ya kurudi kwao kina uzito. Akisema alifika juu kwa nguvu zake, amejisifu. Akisema ni nani alimwongoza, kampuni gani, kijiji gani, ametengeneza kazi ya msimu ujao.

Kutoka Kasese hadi Bwera

Barabara ya kutoka Kasese inapita Kikorongo, inakata kuelekea magharibi, inapita Kinyamaseke na kufika Bwera na Mpondwe. Ukiwa njiani na mawingu yakiwa mbali, mlima unaonekana upande wa kulia. Wengi wanaopita hapa na chumvi ya Katwe, samaki, maharage, vitenge au mafuta ya mawese hawana mpango wa kupanda Margherita. Lakini wanajua vizuri maana ya mara ya kwanza.

Mchuuzi mpya huvuka akiwa amefungwa kwenye kamba ya mwingine. Shangazi au rafiki wa sokoni ndiye anayemwonyesha dirisha la kuulizia, ndiye anayejua bei ya Kasindi ya asubuhi na ya jioni, ndiye anayemjua mbadilishaji wa faranga asiye na noti mbovu. Mzigo unauzwa, faida inaonekana, na mchuuzi anarudi akijiona ameiva. Safari ya pili anaongeza mtaji mara tatu, anakwenda peke yake, na huko ndiko anakoteleza. Hakuwa mjinga, ila hakuwahi kuona kazi iliyokuwa ikifanywa kwa niaba yake.

Kujifunza kazi hiyo huanza na karatasi. Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na EAC tarehe 8 Aprili 2022, na ikawa mwanachama kamili tarehe 11 Julai mwaka huo. Kwa kanuni za jumuiya, mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, uliotokana na nchi wanachama, unaweza kupata cheti rahisi cha uasilia mpakani, bila safari ya mji mkuu. COMESA, ambayo Uganda na Kongo zote zimo, ina utaratibu wake unaofanana. Cheti hicho kinahusu ushuru wa forodha tu. Hakifuti ukaguzi wa afya ya mimea na vyakula, wala ada nyingine halali, na utekelezaji wa upande wa pili bado unakwenda hatua kwa hatua. Mwenye mzigo aulize mwenyewe, ofisini, kabla ya kupakia: bidhaa yake imo kwenye orodha? Anatakiwa kulipa nini, na anapewa risiti gani?

Pia kuna hesabu ya kurudi. Faranga zikibadilishwa kuwa shilingi kwa haraka jioni, zinaweza kula faida yote. Usafiri wa kurudi na gunia tupu ni gharama. Deni la mteja wa Kasindi aliyeahidi kulipa wiki ijayo halijawa fedha. Kama mlimani, hesabu inafungwa mtu akishafika nyumbani.

Mlima nao unashuka

Kuna jambo la mwisho linalowahusu wote, wa mlimani na wa mpakani. Mwaka 1906 barafu ilikuwa juu ya milima sita ya Rwenzori. Leo sehemu kubwa ya kilichobaki iko kwenye Mlima Stanley peke yake, na inazidi kusinyaa. Waongozaji wamelazimika kubadilisha njia na kuongeza ngazi na kamba mahali ambapo zamani mtu alitembea juu ya barafu. Anayepanda sasa kwa mara ya kwanza huenda akiona kitu ambacho mtoto wake hatakiona.

Maji ya mlima huu nayo huja Kasese bila hodi. Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika, ukabeba mawe na nyumba katika bonde la Kilembe. Mei 2020 ulirudi tena, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Daraja likikatika, lori la nyanya halifiki soko, na mgeni wa mlima hafiki getini. Mvua kubwa, miteremko iliyolimwa hadi ukingoni na mto uliojaa mawe ndiyo mambo yanayotajwa kila mara baada ya mafuriko. Kupanda miti na kuacha ukingo wa mto bila kulimwa ni kazi ya watu wa bondeni, na mgeni aliyeondoka hawezi kuifanya.

Kwa anayeshuka Margherita mwezi huu, mambo ya kufanya ni machache na yanajulikana. Apumzike siku mbili kabla ya safari ndefu ya basi. Akague miguu, na akiona anapumua kwa shida hata akiwa chini, aende hospitali. Atoe bakshishi mkononi mwa mwenyewe. Abaki Kasese au Bwera siku moja zaidi, anunue kahawa ya Rwenzori sokoni, alale kwenye nyumba ya wageni ya mtu wa hapa. Na kama anataka mlima mwingine, aanze kwa kumwuliza mwongozaji wake kwa nini asubuhi ile waligeuka saa ile waliyogeuka.

Mchuuzi aliyevuka Mpondwe mara ya kwanza naye ana swali la kumpelekea aliyemvusha, kabla hajaongeza mtaji: siku ile, ni mambo gani uliyafanya ambayo mimi sikuyaona?